Kasaji, Kuuliza Habari za Yaya Anselme

Niliondoka Kolwezi kwenda Kasaji kwa sababu binti yangu Mado alikuja kuomba baraka, na mimi sikujua kama nimpe.

Ninyi wa kwetu Kabongo mnajua desturi yetu. Mtoto havuki mpaka wa nchi kabla mzazi hajamfungulia njia. Unachukua pemba, ule udongo mweupe, unampaka mikononi, unasema maneno, unamtemea mate kidogo kifuani. Akienda bila hiyo, akianguka hata na baiskeli huko alikokwenda, ukoo mzima utakutazama wewe. Mado ni mwanamke mzima, ana watoto. Anaendesha kamio za machimbo, zile lori kubwa ambazo gurudumu moja tu linanizidi kimo. Angeweza kunibeba mgongoni akanitembeza mtaa mzima. Lakini siku ile alipiga magoti mbele ya kiti changu kama msichana.

"Tata," akasema, "benzangu ba kazi banichagua. Kuko sendika ya dunia yote, inaniita ku Ujerumani. Miezi mbili, kujifunza haki za kazi."

Sendika, yaani chama cha wafanyakazi. Neno hilo ninaliogopa tangu utoto. Nikamwambia ainuke, nitamjibu.

Sababu ni yaya Anselme, yaani kaka yangu mkubwa. Yeye alikuwa wa kwanza wa mama yetu, mimi wa mwisho. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru alikuwa akitoboa mwamba katika machimbo hapa Kolwezi, na alikuwa msemaji wa sendika. Wakati huo Wamarekani walikuwa na umoja wao wa wafanyakazi wa dunia, Warusi walikuwa na wao, na kila mmoja alitafuta mfanyakazi mweusi wa kumvutia upande wake. Tiketi za ndege zilitoka huku na huku. Anselme alichukua ile ya Warusi. Alikwenda Moscow, kwenye shule ya sendika. Siku aliyorudi, aliposhuka tu kwenye treni hapa Kolwezi, askari walimchukua. Hatukumwona tena. Hakuna kaburi. Mimi nilikuwa mdogo, nina surua, nimelazwa kwa nyanya, sikuona kitu. Baba alisema neno moja tu, kwamba Warusi walimnunua, na akakataza mtoto yeyote wa ukoo kupewa jina lile. Mama hakusema lolote mpaka alipokufa.

Basi sasa mwaliko ni wa binti yangu. Na mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba wanaokwenda huko wanarudi na siasa, hawarudi na kazi. Na kulikuwa na jeep ya kijivu iliyoanza kusimama mtaani kwetu bila mtu kushuka.

Mimi sikusoma. Niliacha darasa la tatu. Nilianza na baiskeli moja, nikisukuma makaa kutoka Mutshatsha, leo nina depo na lori mbili, na hakuna mtu aliyenipa hata msumari. Sina tabia ya kuomba ushauri. Lakini safari hii niliuliza kimyakimya, na mzee mmoja wa reli akaniambia jambo ambalo sikulijua maisha yangu yote: Anselme hakwenda peke yake. Walikuwa wawili. Mwenzake anaitwa Muteba, na yuko hai, Kasaji.

Nikamwambia Mado anipe siku chache.

"Basi ya kwenda ku ndege, Lubumbashi, inaondoka siku ya posho," akasema. Ndivyo tunavyoita Jumamosi hapa, tangu enzi ambazo kampuni iligawa unga wa wiki siku hiyo. "Usipokuwa umerudi, tata, mi nabaki. Sitaenda bila weye."

Hilo lilinitisha kuliko kama angesema ataenda.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda lori ya mtu mwingine. Zangu zina jina langu ubavuni, na sikutaka yeyote ajue ninaelekea wapi. Dereva alikuwa Kabwe, mtu mnene wa maneno mengi, amebeba sabuni na chumvi za kupeleka Kasaji. Tulitoka mjini polepole, katikati ya milima ya udongo uliochimbwa na kutupwa, vijana wachimbaji wakitupita kwa pikipiki, watatu watatu, na magunia yao. Upande wa pili lori za shaba zilipanga mstari ambao sikuona mwisho wake. Vumbi jekundu liliingia hata ndani ya chupa yangu ya maji.

"Tata Ngoy," Kabwe akaniambia, "batu bote banakuya Kolwezi kutafuta cobalt. Weye njo unaikimbia?"

"Minaenda kuona muzee mwenzangu."

"Bazee bawili. Muko na mukutano?"

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilitazama kioo cha pembeni, na nyuma yetu, ndani ya vumbi, nikaona jeep ya kijivu.

Ilitufuata kijiji kwa kijiji. Kabwe alipopunguza mwendo, nayo ilipunguza. Nikavua kofia, nikaivaa tena, nikavua. Nilijiambia mzee kama mimi watamfanya nini, kisha nikakumbuka kwamba si mimi wanayemtaka. Tulipofika kwenye daraja la Lualaba, kizuizi kilikuwa kimeshushwa na jeep ikasimama nyuma yetu kabisa. Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamume mwenye miwani, akaja mpaka dirisha langu.

"Tata, munajua kama hapa banauzisha samaki safi ao ni ile ya jana?"

Alikuwa muuza vifaranga. Kiti chote cha nyuma kilikuwa maboksi yanayolia. Kabwe alitazama jasho langu, akanipa kitambaa nijifute.

Saa za mchana tuliingia Mutshatsha, na mvua ikaingia pamoja nasi. Hapa ndipo nilipoanzia, na bado wako wanaonikumbuka nikiwa na viraka kwenye magoti. Mama Odette, ambaye alinilisha siku za baiskeli, ana banda lake lilelile karibu na reli. Alinitengea bukari, yaani ugali, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, akakaa mbele yangu kuona kama ninakula kama zamani.

"Umenenepa, lakini uso yako ni ya mutu wa matanga," akasema. "Nani alikufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, ninamtafuta Tata Muteba wa Kasaji. Akaacha kupepea makaa.

"Ule muzee? Huyu haongeaki na mugeni. Mwaka yenye ilipita, kijana mwenye kusoma alifika na kamashini ya kunasa sauti, kumuuliza mambo ya zamani. Muzee alimufungulia imbwa."

"Mi si kijana mwenye kusoma."

"Imbwa haitauliza," akasema Mama Odette, akaniongeza samaki.

Tulilala hapohapo kwa sababu ya mvua. Kesho yake barabara ilikuwa uji. Mara mbili tulishuka kukata matawi na kuyatia chini ya magurudumu, na mimi nilikata kama wengine, maana siwezi kukaa kwenye lori nikitazama watu wakifanya kazi. Siku zilikuwa zinanipita mikononi. Simu haikuwa na mtandao. Nilimwona Mado akilini amekaa na sanduku lake, anatazama mlango.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika Kasaji. Kabwe alinionyesha nyumba, nyuma ya stesheni ya zamani, paa la bati lililoshikwa na mawe. Mbwa alikuwepo kweli, lakini alikuwa mzee kuliko mwenye nyumba, akanibwekea akiwa amelala. Uani mtu mrefu, mkavu, alikuwa ameketi akinyoosha spoku za gurudumu la baiskeli.

"Moyo," nikamsalimu kwa salamu yao ya huko.

"Moyo. Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu ananitumaka. Mi njo mwenye kujituma."

"Batu bote banatumwaka," akasema, akaendelea na spoku zake. "Kama ni serikali, mi nilisahau. Kama ni kampuni, nilisahau. Kama ni batu ba kanisa, mi nilibatizwa tayari."

Niliona ananipima kiburi, na mimi kiburi ninacho cha kutosha. Nilitaka kugeuka. Badala yake nikasema, "Mi ni mudogo wa Anselme. Wa mwisho."

Aliliweka gurudumu chini taratibu, kama kitu cha kupasuka. Akanitazama uso, kisha masikio. Sisi wote wa mama yetu tuna masikio ya kusimama.

"Mama yenu iko?"

"Alikufa."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu."

"Hm," akasema. Akaita ndani, mtu akaleta kiti, na bakuli la munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi. Tulikunywa. Kisha akasema niulize nilichokuja kuuliza, na nisizunguke.

Nikauliza kama baba angeuliza. "Warusi balimununua?"

Tata Muteba alicheka mpaka mbwa akainua kichwa. "Bamununue na nini? Na supu ya kabichi? Tuliingia kule tunatetemeka, banatupa makoti, banatupa kitanda. Muzungu mwanamuke alinimiminia chai. Mi nilikuwa na miaka makumi mbili na kitu, hakuna muzungu alikuwa amenimiminia kitu. Nilikunywa, machozi ikatoka, nikasema ni moto ya chai. Hiyo ni kweli, sitakudanganya. Balitupenda vizuri. Na tulijua banatutaka. Wamarekani nabo banatutaka. Anselme alisema, bote banatuita bandugu, twende tuone udugu yenyewe."

Akaniambia walivyosoma. Darasani walikuwamo watu wa Mali, wa Vietnam, wa Cuba. Walifundishwa namna ya kuongoza mkutano, namna ya kumwachia wa mwisho aseme, historia ya wafanyakazi, ubepari. Kisha wakapelekwa kusini, kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Donbas. Wachimbaji walipopanda kutoka chini nyuso zao zilikuwa nyeusi, na Anselme alifurahi, akawashika mikono mmoja mmoja.

"Halafu akauliza," Muteba akasema. "Kupitia kwa mwenye kutafsiri. Akasema, hapa batu bakikunja mikono, bakikataa kazi, nani anabalisha bibi na batoto? Mwenye kutafsiri akanyamaza. Akatazama viatu vyake. Anselme akafikiri hakusikia. Saa ya kula akauliza tena. Akanyamaza tena. Tuliporudi shuleni, yaya yako akasimama mbele ya mukubwa wa shule, akauliza mara ya tatu, kwa Kifaransa, polepole."

"Mukubwa akasema nini?"

"Akasema katika nchi ya wafanyakazi hakuna mutu anakunja mikono, kwa sababu mugodi ni wao. Anselme akasema, ata kwetu kampuni inasema ni baba yetu."

Muteba akatabasamu kwa mdomo wake uliokosa meno. "Mi nilicheka. Kosa yangu njo hiyo. Wiki ileile bakatuambia tumemaliza masomo. Wengine balibaki. Sisi bawili, ndege."

Nilikaa na bakuli mkononi. Maisha yangu yote nilikuwa nimembeba kaka aliyenunuliwa, kumbe hata wanunuzi walimrudisha dukani.

"Na ku stesheni?" nikauliza. "Kolwezi. Basoda benye balimukamata balijuaje?"

Aliokota spoku moja, akaipinda, akainyoosha.

"Basoda habakujua. Sikiliza vizuri, kwa sababu nitasema mara moja. Balikuwa na habari kama kuko mutu wa Moscow anarudi. Uso habakujua. Sisi tulipita Rhodesia, tukauza makoti, tukavaa kaptula za kuchakaa, tukakaa daraja la tatu katikati ya kuku. Mupango ilikuwa hivi: ku Kolwezi, Anselme anashuka upande wa giza, upande usio na watu, anatembea kandokando ya reli mpaka kampi ya batu ba machimbo. Mi naendelea, kwetu huku. Lakini tulipofika Tenke, mutu mmoja wa reli akamutambua. Mutu muzuri. Akafurahi sana. Akapiga simu ya stesheni mpaka Kolwezi, akasema mwana wa kampi yenu anarudi kutoka Bulaya."

Sikuhitaji aendelee. Ninyi mnajua tunavyompokea anayerudi kutoka Ulaya. Lakini aliendelea.

"Treni ikasimama. Nikasikia ngoma. Nikatazama dirishani. Bamama ba kampi nzima balikuwa pale, na bikwembe, bitenge yabo ya kujifunga, imetandikwa chini, moja, ingine, ingine, kutoka mulango ya behewa yetu mpaka barabarani, ili asikanyage udongo. Na kule mwisho, kwenye ukuta, basoda. Nikaona vile banaangalia bikwembe, banafuata na macho mpaka ku mulango yetu. Nikamwambia, Anselme, kaa. Inama. Treni itaenda. Yeye alikuwa anatazama kikwembe ya kwanza, ya buluu, ina ndege. Akasema, ile ni ya mama yangu."

Mbwa alihema. Nilisikia treni ya mizigo kwa mbali.

"Nikamushika shati. Akasema, Muteba, nikiruka kikwembe ya mama mbele ya kampi nzima, atafanya nini na uso yake? Akafunga kifungo ya hapa ku shingo. Akashuka. Alitembea pole, kama bwana harusi, anasalimia huku na huku. Mama yenu alikuwa anapiga vigelegele. Basoda bakangoja. Bakangoja mpaka alimaliza kikwembe ya mwisho, nabo balizaliwa na bamama. Halafu bakamushika. Mi treni ikanipeleka."

Sikulia. Nilimwomba maji. Mama yetu, ninyi mliomjua mtakumbuka, kwenye matanga alikaa chini kwenye udongo mtupu. Tulimtandikia kikwembe, akakiondoa, akakikunja, akamrudishia mwenyewe. Tulisema ni ukaidi wa uzee. Mimi mwenyewe nilimgombeza kwa ajili hiyo, nikasema ananiaibisha, watu watadhani sina uwezo wa kumvalisha.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilimweleza Muteba habari za Mado. Nikamuuliza nimwachie aende au nimzuie.

"Unaniuliza mi? Tangu siku ile niko hapa, nalima mihogo, natengeneza baiskeli. Kila gari ikisimama, nasema ni mi. Hakuna aliyekuja kunikamata. Na angalia, nimekaa kama mutu mwenye alikamatwa." Akakuna kidevu. "Hiyo kampuni yake, benye mali, bendera ya kwao ni rangi gani?"

"Nyekundu, kama ile ya Warusi."

"Na habataki sendika?"

"Habataki."

Alicheka tena, safari hii mpaka akakohoa. "Anselme angekuwa na kitu ya kubauliza," akasema. Hakunipa jibu lingine. Alinipa kifungu cha mihogo nimpelekee Mado, nami nikakibeba.

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Kabwe alikuwa amejaza mahindi kupita kiasi, na kabla ya Mutshatsha lori ilizama mpaka kwenye ekseli. Ilikuwa Ijumaa. Nilikaa juu ya magunia nikihesabu mawingu, kisha nikaona upuuzi wangu. Nikasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, mtu na kuku wake, nikamwambia anibebe.

"Tata, uzee yako itavumilia?"

"Uliza pikipiki yako kwanza."

Alinibeba mpaka Kolwezi, kuku wakinidonoa mgongo njia nzima. Tuliteleza, tukaanguka kwenye dimbwi, tukainuka. Karibu na daraja la Lualaba mtandao ulirudi na simu ikaanza kutetemeka mfukoni, ujumbe juu ya ujumbe, wote wa Mado, wa mwisho ukisema: Tata, basi, nimeelewa, nimefungua sanduku.

Nilimkuta jioni jikoni anaosha sahani, nguo zake zimerudi kabatini. Nilikuwa tope kuanzia kofia mpaka viatu. Nikamwambia aketi. Nikamwambia yote, sikuficha hata la mama. Alisikiliza akiwa ameshika sahani ileile, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Tata," akasema mwishoni, "sasa unakatala ao unakubali?"

"Naogopa."

"Ata mi."

Nikaleta pemba. Nilimpaka mikono, nikapitiliza mpaka kwenye mikono ya gauni. Maneno mazuri ambayo baba yangu aliyajua, ya Kiluba cha ndani, mimi siyajui. Nikasema: "Enda. Rudi. Kitu usichoelewa, uliza. Wakinyamaza, uliza tena. Na mutu akitaka kukununua, umwambie baba yako iko na lori mbili, hauna njaa."

"Njo baraka hiyo?"

"Njo hiyo." Nikamtemea mate kifuani, akafunga sanduku upya.

Siku ya posho asubuhi tulikwenda kwenye maegesho ya basi, mimi na yeye tu. Nilikuwa nimeagiza kimya. Hakuna kuaga, hakuna ngoma, apande kama mtu anayekwenda Lubumbashi kununua vitenge. Lakini kampi ni kampi, habari hazifichiki. Tulipoingia getini nilisikia vigelegele. Wenzake wa zamu walikuwa pale na mabuti yao, wametoka kazini bila kulala. Na bamama wa mtaa wetu walikuwa wameinama, wanatandika vikwembe juu ya vumbi, kimoja, kingine, kingine, kutoka getini mpaka mlango wa basi.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na gari la walinzi wa kampuni. Ndani yake mtu ameinua simu, anapiga picha, anangoja.

Nilikwenda mbio, kadiri ninavyoweza, nikainama kuokota kikwembe cha kwanza. Mama mmoja akakishika upande wake ili nisikivute. "Tata Ngoy, unafanya nini?" Nikasema wakunje, wakunje vyote, waende nyumbani. Walinitazama kama nimepata wazimu. Nikamtazama Mado. Alikuwa amesimama mbele ya kile kikwembe, sanduku mkononi, na aliliona gari. Alijua ninachojua. Hakukanyaga, wala hakuruka.

Akageuka kwa wenzake. "Mukuye," akasema. "Bote. Tupite pamoja."

"Na mabuti?" mmoja akauliza. "Ni bikwembe ya bamama."

"Na mabuti. Na bamama nabo. Mukuye."

Hilo halifanywi kwetu. Anayetandika hakanyagi. Walisitasita, wakatazamana, kisha yule mama aliyegombania nami kikwembe akainua miguu yake, akapanda juu ya kitambaa chake mwenyewe, akaanza kutembea. Wakamfuata. Wenye mabuti, wenye kandambili, dereva wa zamu ya usiku na kofia yake ya plastiki, wauza nyanya, wote wamebanana mpaka Mado akapotea katikati yao. Nilimwona mtu wa simu akiinua mkono juu zaidi, akisogeza huku na huku, akitafuta. Nami nikaingia. Nilikanyaga kwa viatu vyangu vya safari, na matope ya Kasaji bado yamekauka kwenye soli. Akitaka nyuso, achukue zote, na wangu auchukue vizuri, mimi ni mtu ninayejulikana mji huu.

Basi liliondoka na Mado ndani. Nilibaki nimesimama nikilitazama mpaka vumbi likalifunika, na haya ndiyo niliyojifunza, nayasema bila kuyapamba. Yaya Anselme hakununuliwa na mtu. Huko alipelekwa kama ndugu akarudishwa kwa sababu ya swali, na hapa alikamatwa kama mtumishi wa wale waliomfukuza. Baba alikosea. Kwa sasa mkubwa wa nyumba ni mimi, na jina la Anselme nimelifungua. Ninyi wa Kabongo, lipeni watoto. Hofu yangu haikupungua hata kidogo. Mado hupiga simu jioni, na simu ikichelewa sili. Kazini kwake bado hawajasema kama nafasi yake ipo.

Siku ile, basi lilipotoweka, bamama walikuwa wanaokota vikwembe. Yule wa kwanza alikuwa anakunja chake bila kukikung'uta, na ndani yake niliona alama za mabuti na za viatu vyangu. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia nitamtuma mtu amletee sabuni.

"Acha, tata," akasema, akakitia kwapani. "Mi sitakifua mpaka arudi."